Huyu Sina Haja ya Kumpima

Mama Masinde,

Kwanza nakuomba jina langu libaki hukohuko ofisini kwenu, na majina ya wengine myabadilishe kabla ya kuchapa, kwa sababu nusu ya kanisa letu hufungua ukurasa wako kabla ya kufungua kitu kingine chochote kwenye gazeti, na mama mkwe wangu mtarajiwa huusoma kwa sauti. Haya ninayokuandikia anayajua jirani yangu mmoja tu, naye ushauri wake umenivuruga zaidi.

Mimi ni msichana wa Kayole, nauza vyombo vya plastiki karibu na steji ya Spine Road, na nimechumbiwa na kijana anayeitwa Mativo, dereva wa lori la kusambaza unga. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba kwa mila yetu, walishafika kwetu Ukambani, wazee wakala wakaridhika, kwa hiyo upande wa nyumbani mimi ni mke tayari, kilichobaki ni kanisa. Sasa harusi yenyewe ni ya kujikaza mkanda. Hema tumepewa na kanisa, viti ni vya chama cha akina mama, gari la bibi harusi ni Probox ya binamu yangu ambayo tutaifunga riboni tukiomba iwake siku hiyo, chakula watapika wamama wa kanisa kwa sufuria zao wenyewe, na picha atapiga yeyote mwenye simu nzuri. Gauni langu nililipata Gikomba, mtumba lakini safi kabisa, shida yake ni moja tu, aliyelivaa mwanzo alikuwa na kiuno cha kunishinda mimi. Nguo ya pili nimeweka arubuni ya kukodi, ya kubadilisha wakati wa kukata keki, hiyo ndiyo anasa yangu peke yake.

Ndipo Wanza akaingia. Huyu Wanza ni fundi wa nguo, ana kibanda Shauri Moyo, na ni mshiriki wa kanisa letu. Alikua na Mativo kwenye nyumba zilezile za kaunti, mlango kwa mlango, na walipokuwa vijana walipendana. Hili silisemi kwa umbea, Mativo mwenyewe aliniambia tulipoanza kujuana, akasema waliachana kila mtu akashika njia yake, nami nikamjibu hakuna shida. Nilisema kwa mdomo, Mama Masinde.

Siku kamati ya harusi ilipokuwa inaomba michango, Wanza alisimama akasema, "Mimi pesa sina, lakini mikono ninayo. Leteni kitambaa tu, nitashona suti ya bwana harusi, nitarekebisha gauni, nitashona na nguo za wasimamizi." Watu wakapiga makofi, nami nikainuka nikamkumbatia, kwa sababu kusema kweli bila yeye tungevaa nini? Na hapo nyuma nilikuwa nimeshamzoea, hata jaketi ya kazi ya Mativo na suruali yake nyeusi ni mimi niliyempelekea Shauri Moyo abadilishe zipu na kupandisha pindo, zikakaa kwake karibu wiki nzima, mimi nikifikiri naokoa senti, kumbe nilikuwa nampelekea mwanamke mwingine nguo zenye jasho la mume wangu azilaze kwenye meza yake.

Basi Jumapili moja baada ya ibada akaja na suti kwenye kamati, ya bluu nzito, na Mativo akaenda ofisi ya mchungaji akaivaa akatoka nayo. Mama, lile koti lilimkaa kama alizaliwa nalo. Mabega pale pale, mkono pale pale, mgongo umenyooka, vigelegele vikaanza, na mimi pia nilikuwa naanza kupiga kigelegele wakati Mama Nzuki, kiongozi wa kwaya, alipouliza, "Wanza, ulimpima lini huyu? Si wiki zote hizi amekuwa safarini?" Wanza akacheka, tena kicheko cha mtu aliyestarehe, akasema, "Ah, huyu? Huyu sina haja ya kumpima."

Watu wakacheka. Mativo akacheka. Mimi kigelegele changu mpaka leo sijakimalizia.

Nilipomuuliza Mativo njiani alisema, "Sasa wewe pia. Si anajua tu kazi yake?" Nikamuuliza anajua kazi yake au anakujua wewe, akasema nisianze. Na mimi nilikuwa nimeshaanza, Mama Masinde, kwa sababu mimi Wanza alinipima. Aliponijaribisha lile gauni alinizungushia futi kiuno, kifua, bega, akarudia tena, pini mdomoni, kama napimwa jeneza. Mimi ambaye ndiye bibi harusi lazima nipimwe, lakini mwanaume wangu yeye anamjua kwa kichwa. Nikawa kila nikimtazama Mativo akivua shati nawaza, bega hili analijua, mgongo huu anaujua, yaani nilikuwa namwona Wanza amesimama pale katikati yetu na mkasi wake. Nilimchukia kabisa.

Nikafanya kitu. Nilimwambia Mativo anipe suti niitunze kwetu isije ikachafuka kwa lori, nikaibeba mpaka Majengo mahali nisipojulikana, kwa mzee mmoja mwenye cherehani, nikamwambia akaze koti kwapani na mgongoni. Akaligeuza ndani nje, akaniuliza, "Mwenye koti amekonda?" Nikamwambia amekonda sana. Akakaza. Kisha akaniuliza tena, "Mama, hiki kitambaa kinachobaki ndani ya mshono nikuachie ama nikate? Nikiacha, akinenepa koti utalirudisha. Nikikata, limeenda hilo." Nilisimama pale nikafikiri, sitakudanganya kwamba sikufikiri, halafu nikasema kata.

Nilitaka tu ionekane kwamba hamjui. Nilitaka Jumapili nimwombe Mativo avae tena mbele ya watu walewale, koti limbane kidogo, Wanza aone haya, achukue futi ampime kama anavyopima wateja wengine, basi. Lakini lilivyombana si kidogo. Vifungo havikukutana, na alipoinua mkono mshono wa kwapa ukaachana praa, kila mtu akasikia. Mama Nzuki akasema, "Hii ndiyo shida ya vitu vya bure." Hapohapo wasimamizi wangu wakaanza kunong'onezana, mmoja akasema yeye kitambaa chake atakichukua apeleke kwa fundi wa maana, na Mama Nzuki akatangaza kwamba zile sare za kwaya alizokuwa ameahidi kumpa Wanza azishone, watatafuta mtu mwingine. Sare za kwaya nzima, Mama. Wanza alikuwa ameshawaambia watu kwamba kwa kazi hiyo ataongeza cherehani ya pili.

Wanza alichukua koti akaligeuza ndani nje. Aliangalia mishono, nikamwona akiuvuta uzi kidogo na ukucha, na uzi ule ulikuwa mweusi ilhali yeye alishona na wa bluu. Akainua macho akanitazama. Alinitazama mimi tu. Nikajua amejua. Halafu akamgeukia Mativo akasema, "Nisamehe. Nimekosea. Nitaongeza kipande pembeni nione."

Mama Masinde, hapo ndipo niliumia kuliko siku ya kwanza. Kwa nini hakusema? Angesema ningekana, ningelia, tungegombana, ningejua niko wapi. Lakini alinyamaza, na sasa mimi usiku na mchana najiuliza ananyamazia nini, anamlinda Mativo asiaibike, au ananihurumia mimi, au anangoja nikishaolewa ndipo amwambie? Hata kwa kunyamaza amenishinda. Mativo naye anamwonea huruma, juzi ameniambia, "Maskini Wanza, siku hizi hata kanisani anakaa nyuma," na aliposema "maskini Wanza" nikataka kuvunja kikombe.

Jirani yangu Aluoch, ambaye ana saluni hapa chini na ndiye nimemwambia, anasema, "Wewe usijichome. Nyamaza mpaka pete iingie kidole, baadaye mtaicheka hii stori." Lakini kila Jumapili majina yetu yanatangazwa kanisani na mchungaji anauliza kama kuna mwenye kipingamizi, na mimi huangalia kule nyuma alikokaa Wanza mpaka shingo inauma. Pesa ya suti nyingine hatuna. Nikimwambia Mativo ataniacha, na nikiachwa nitakuwa nimempa yule mwanamke mume kwa mkono wangu mwenyewe.

Nifanye nini? Na je, kwa maoni yako, Wanza bado anampenda?

Ni mimi niliyekosa usingizi,
Kayole

*

Mama Masinde anajibu:

Binti yangu, nianze na pole, maana unastahili kidogo. Mwanamke anayemjua mwanaume tangu zamani hasemi mbele ya mchumba wake na kamati nzima kwamba hana haja ya kumpima. Ni mzaha wa ovyo. Na Mativo alipoona uso wako umebadilika hakupaswa kucheka, na ulipomuuliza njiani hakupaswa kukuambia usianze. Angekujibu kwa sentensi moja tu suti ingekuwa nzima mpaka leo. Hilo utamwambia, kwa wakati wake. Pole yangu imeishia hapo.

Sasa rudi usome barua yako. Umeandika kwa mkono wako kwamba jaketi ya Mativo na suruali yake vilikaa kwenye meza ya Wanza karibu wiki, tena wewe ndiye uliyevipeleka. Fundi yeyote mwenye akili akipewa nguo inayomkaa mtu vizuri, huilaza juu ya kitambaa akakatia hapo, akamwacha mwenye nguo aendelee na safari zake za unga. Ulimpa vipimo wewe mwenyewe halafu ukamkasirikia kwa kuwa navyo. Sisemi najua kwa hakika ndivyo alivyofanya. Nasema lilikuwa mbele ya macho yako, ukaliandika, na wivu haukukuruhusu ulione.

Na tuseme nimekosea. Tuseme anayakumbuka mabega ya Mativo tangu ujana wao. Ulitaka afanyeje, ayasahau kwa sababu wewe umefika? Mativo alikueleza habari hiyo mapema, bila kuulizwa, ukasema hakuna shida. Wanaume wangapi wa mtaa huo wangekueleza? Alikuaminia jambo, ukalipeleka Majengo likakatwe.

Yule mzee wa cherehani alikuwa muungwana kuliko ulivyostahili. Alikuonyesha njia ya kurudi nyuma. Alikuambia akiacha kile kitambaa cha ndani utaweza kurudisha. Hasira ilikufikisha mpaka kwenye kibanda chake, hilo nalielewa, nami pia nimewahi kuwa kijana mwenye mchumba mzuri wa sura. Lakini ulisimama, ukafikiri, ukasema kata. Usiniambie ulitaka limbane kidogo. Anayetaka kidogo huacha nafasi ya kurudisha.

Unauliza kwa nini Wanza alinyamaza, na umejitengenezea majibu yote isipokuwa lile rahisi. Hebu mweke pale mbele ya kamati aseme, "Koti hili limeguswa, na aliyekuwa nalo ni bibi harusi." Mpenzi wa zamani, anamshtaki bibi harusi, wiki chache kabla ya harusi, mbele ya Mama Nzuki. Nani angemwamini? Wangesema ana wivu. Wewe ndiye mwenye wivu, binti yangu, lakini yeye ndiye angepakwa matope. Hakunyamaza ili akushinde. Alinyamaza kwa sababu hakuwa na pa kusemea, na wewe ulijua hana, ndiyo maana ukathubutu.

Kuhusu kama bado anampenda, sijui, na nakukataza kumuuliza. Kama anampenda, basi alimshonea suti ya kumwoa mwanamke mwingine, akaishona vizuri kabisa. Mwache na hilo.

Ushauri wa Aluoch uache salunini. Pete ikiingia kidoleni na siri hii ndani, kila Mativo atakapochelewa safarini utafikiri ameambiwa, kila Wanza atakapokohoa kanisani utashika moyo. Hutaweza kumwomba pesa ya sukari bila kuogopa. Hiyo si ndoa ya mtu ninayempenda, nami wanaoniandikia nawapenda, hata wanaonikasirisha.

Kwa hiyo fanya hivi, na usiruke hata moja.

Nenda Shauri Moyo kwanza, mchana, peke yako. Mwambie Wanza ulichofanya kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, pamoja na lile la kukata. Usilie kabla hujamaliza, maana ukilia yeye ndiye atakayeanza kukubembeleza, na hajaajiriwa kazi hiyo. Akikufukuza, ondoka. Akikaa kimya, mwombe asiendelee kuhangaika na kipande cha pembeni mpaka uwe umezungumza na Mativo.

Kisha mwambie Mativo, uso kwa uso, si kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Chagua siku ambayo hana safari, mahali anapoweza kuinuka akaenda kutembea akarudi. Msikilize hasira yake mpaka iishe. Usimtajie kile kicheko chake siku hiyo hiyo, kitaonekana ni kisingizio. Kitaje akishatulia.

Halafu Jumapili inayofuata, kwenye kamati ile ile, simama. Najua hili ndilo utakalotaka kuruka. Jina la Wanza limechafuliwa hadharani, haliwezi kusafishwa kwa kunong'ona. Sema kwamba koti lilikuwa sawa, kwamba wewe ndiye uliyelipeleka kukazwa, na kwamba kosa la fundi halikuwapo. Mgeukie Mama Nzuki kwa jina, mwambie sare za kwaya zirudi kwa mwenyewe. Mama mkwe wako atajua, naam. Afadhali akusikie wewe kuliko aje asome kwa sauti hapa akutambue kwa Probox.

Na suti? Lile gauni la kukodi la kukatia keki liache. Keki haijali umevaa nini. Arubuni wakikurudishia, inunulie kitambaa cha koti, na kama haitoshi muulize Wanza, kwa adabu na kwa malipo safari hii, kama koti lile lililoharibika linaweza kutoa kizibao kizuri. Bwana harusi mwenye shati jeupe, kizibao na suruali ya bluu atapendeza, na mchungaji hatakataa kumfungisha ndoa kwa kukosa mikono ya koti.

Nimebakiwa na jambo moja, na ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Barua yako ni ndefu. Wanza yumo kila mahali, anavyocheka, anavyoshika pini, anavyovuta uzi kwa ukucha, anapokaa kanisani. Hata macho yake umeniandikia. Mativo ana mabega, mgongo na lori. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali unaposema unampenda, nikakosa. Umesema utaachwa, umesema mwenzako atampata, lakini hujasema ukimkosa utakuwa umekosa nini.

Labda ulisahau kuandika. Wivu hujaza karatasi. Basi utakapokaa na Mativo kumweleza habari ya koti, anza na hilo: mwambie kwa nini unamtaka yeye, bila kumtaja mwanamke mwingine yeyote. Maneno yakija, hata akikasirika mwezi mzima, mna la kuanzia. Yasipokuja, mwambie mchungaji asisome tena majina yenu, na viti vya akina mama virudishwe.

Mama Masinde